Kuzamia: Malindi na Watamu, Lamu, au atoli ya mbali?

Upepo wa kusi ukianza kulegea mwezi wa Oktoba, maswali nayo huanza. Mtu ana likizo ya Januari, au anaoa, au amepata kiinua mgongo, na ameona picha za nyumba za mbao zilizosimama juu ya maji ya samawati. Anataka kuzamia na mtungi wa hewa. Aende Maldivi? Abaki huku Malindi na Watamu? Au apande boti Lamu, ambako ameambiwa visiwa ni vingi na wageni ni wachache?

Mimi ni mtu wa Malindi, upendeleo wangu siufichi. Hata hivyo jibu langu la kwanza huwa si "baki nyumbani". Huwa namrudishia maswali mawili: umeshazamia kiasi gani, na unakwenda mwezi gani? Akiyajibu kwa ukweli, nusu ya kazi imekwisha. Picha haionyeshi mkondo, na mkondo ndio hasa unaolipiwa kwenye atoli.

Atoli ni kitu gani

Pwani yetu haina atoli. Tuna mwamba unaoandamana na ufuo kutoka Vanga hadi Kiunga, ukikatika pale mito na vijito vinapoingia baharini. Unatoka ufuoni, unavuka maji madogo, unafika mwambani mawimbi yanakopasukia, na nje ya hapo kuna mteremko. Atoli ni pete ya mwamba iliyo peke yake katikati ya bahari kuu, na ndani ya pete mna maji yaliyotulia. Mwanasayansi Charles Darwin alieleza asili yake mwaka 1842: volkano huzama polepole, matumbawe yaliyoizunguka huendelea kujijenga kuelekea juani, na mwisho wake mlima hutoweka ikabaki pete. Mwaka 1952 wachimbaji wa atoli ya Enewetak, huko Pasifiki, walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa kabla ya kugonga jiwe la volkano. Darwin alikuwa amesema kweli.

Kwa mzamiaji, hilo lina mambo mawili. Hakuna mto wala bara karibu, kwa hivyo hakuna udongo wa kuchafua maji. Na pete ina milango, ambayo bahari kuu huingilia na kutokea kwa nguvu. Papa, taa (wale samaki bapa wenye mkia) na makundi ya kolekole husimama mlangoni kungoja riziki yao. Uzuri wa atoli uko hapo, na ugumu wake uko hapo hapo.

Atoli za upande wetu wa Bahari ya Hindi zenye hoteli za wazamiaji ziko hasa Maldivi, nchi ya visiwa karibu 1,200. Shelisheli nayo ina Alphonse, kama kilomita 400 kusini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Mahé, ambako hufikwa kwa ndege ndogo. Aldabra, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, naitaja ili niiweke kando: haina hoteli, na watu wachache wanaofika huko huenda kwa meli za safari maalumu.

Upepo ni mmoja, bahari si moja

Maldivi wanapulizwa na pepo zile zile zinazotupuliza sisi. Kaskazi yetu ya Desemba hadi Machi ndiyo kiangazi chao, na kusi yetu ndiyo masika yao. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kumi na kitu baadaye alikuwa kadhi huko Maldivi. Mabaharia wa zama zile hawakuona ajabu yoyote katika hilo. Lakini pepo hizo hazifanyi kazi moja mahali pote, na wengi wanaopanga safari hujikwaa hapa.

Tuanze na Malindi. Kila mtu atakwambia uje wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Ni kweli kuwa imetulia. Lakini Mto Sabaki unamwaga maji kaskazini kidogo tu mwa mji, na mvua za vuli zikinyesha bara mwezi wa Novemba, mto unashuka mwekundu. Wakati wa kusi, tope hilo husukumwa kaskazini kuelekea Ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikishika, hurudishwa kusini, likatufikia sisi. Ndiyo maana utakuta siku ya Desemba bahari ya Malindi imelala kama haina kazi, na mzamiaji chini yake hauoni mkono wake vizuri. Watamu iko kusini zaidi, mwendo wa nusu saa kwa gari, na mara nyingi huponea. Kwa anayetaka maji maangavu, Februari na Machi ndiyo miezi yangu. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado, na kaskazi imechoka.

Kuanzia Mei hadi Julai vituo vingi vya Watamu hufunga au hupunguza kazi. Kusi inapiga moja kwa moja mwambani, na boti kutoka nje ni adhabu. Agosti na Septemba kuna siku za kupenyeza, na nyangumi wenye nundu hupita karibu na pwani, lakini hao ni wa kutazamwa ukiwa juu ya boti.

Lamu ni habari nyingine. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hushuka kutoka kaskazini na kukutana na mkondo wa pwani unaopanda kutoka kusini. Maji baridi yenye rutuba huinuka kutoka kilindini. Wavuvi wa Lamu na Kizingitini wanajua faida yake, kwani samaki huwa wengi. Mzamiaji naye ajue hasara yake: rutuba huzaa vidudu na vimea vidogo vinavyoelea, na maji hugeuka kijani. Anayetarajia samawati ya kwenye picha ataona kijani chenye uhai tele. Ni uzuri wa namna yake, ila mtu aambiwe mapema.

Maldivi wakati wa kaskazi, maji ya bahari kuu huingilia milango ya mashariki, na upande huo ndio mwangavu. Taa wakubwa huonekana zaidi upande wa magharibi, maji yanakotokea yakiwa na chakula. Kusi ikija, mambo hugeuka, taa wakahamia mashariki. Na hata kusi ikivuma, ndani ya pete kuna kinga, kwa hivyo boti hutoka. Hapa ndipo atoli inapotushinda bila ubishi. Mwenye likizo ya Julai au Agosti tu, ambayo ndiyo likizo ya familia nyingi za Kenya, na nia yake ni kuzamia kweli kweli, atajisumbua bure kuja Watamu. Ghuba ya Hanifaru katika atoli ya Baa hujaa taa wakubwa kati ya Juni na Novemba, japo huko ni marufuku kushuka na mtungi. Huogelewa kwa miwani na mrija pekee.

Chini ya maji

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza Kenya, na mwaka 1979 eneo zima likaingizwa kwenye orodha ya hifadhi za baianuai za UNESCO. Ndani ya mipaka ya hifadhi havuliwi samaki, na hilo linaonekana kwa macho. Pono wanaotafuna mwamba hawakimbii mtu, na mkunga hutoa kichwa shimoni na kukutazama kama wewe ndiye uliyeingia nyumbani kwake bila hodi.

Kwa anayejifunza, sijui mahali pa kuipita Watamu hapa Kenya. Sehemu nyingi za kuzamia ziko nje kidogo tu ya mwamba, safari ya boti ni fupi, na kina kinampa mwanafunzi nafasi ya kukosea bila kuadhibiwa. Kasa wako, na taa wa madoa. Pomboo hufuata boti siku wakijisikia. Papa shillingi, yule papa mkubwa wa madoa, hupita kati ya Oktoba na Machi, mwaka mwingine wengi, mwingine wachache. Anayekuuzia safari kwa kukuahidi papa shillingi, mpite. Ipo pia Shakwe, meli ya uvuvi iliyolala chini na kuota matumbawe laini.

Mahali ninapopapenda zaidi ni mapango ya tewa kwenye mlango wa Kijito cha Mida. Pale huendi saa unayotaka wewe. Unakwenda maji yakiwa yamesimama, baina ya kujaa na kupwa, na dakika hizo si nyingi. Ukishuka unakuta mwanga umepungua, mchanga mweupe sakafuni, na ndani ya kivuli kitu unachodhani ni jiwe. Baadaye jiwe linafungua mdomo. Tewa wa pale ni wakubwa kiasi kwamba mwanafunzi husahau kupumua, na mwalimu humgonga bega kumkumbusha. Maji yakianza kuvuta, mwalimu anaonyesha kidole gumba juu, yaani tupande, na hakuna majadiliano.

Lamu sitaipamba. Ni mji wa Urithi wa Dunia tangu 2001, na kijiji chake cha Shela ni Shela, lakini vituo vya kuzamia na mtungi huko ni vichache na huja na kuondoka. Kabla hujanunua tiketi ya ndege, piga simu uhakikishe mitungi ipo, pampu ya kujazia hewa inafanya kazi, na mwalimu mwenyewe yupo msimu huo. Wengi wanaosema "nilizamia Lamu" walivaa miwani na mrija pale kisiwa cha Manda Toto. Na kwa hakika Manda Toto kwa miwani na mrija inatosha kumpa mtu siku njema: matumbawe yako karibu, samaki ni wa rangi zote, na mchana mnachoma changu ufuoni. Ila ni lazima uchague siku. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huchafua maji na kuyapa nguvu mlangoni. Mwulize nahodha mzee wa Shela, "Ami, kesho maji yakoje?" Akikujibu, "Kesho mayi ni mafu, mwanangu, njoo asubuhi," yaani bahari haijai wala haipwi sana, basi ahirisha mengine yote uende. Akinyamaza na kutazama mlango, usimshurutishe.

Mbali zaidi iko Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ya mwaka 1979, kilomita za mraba 250, visiwa vidogo zaidi ya hamsini. Kwa sura, hiki ndicho kitu cha karibu zaidi na atoli tulicho nacho: vijisiwa vya mawe, maji ya ndani yaliyotulia, mwamba wa nje unaopokea bahari kuu. Kasa hutaga huko, na nguva wachache waliosalia Kenya wako kwenye visiwa vya Lamu. Lakini hakuna kituo cha kuzamia cha kukungoja. Ukitaka kushuka na mtungi, unabeba kila kitu kutoka Lamu, kwa mwendo wa zaidi ya saa kwa boti ya kasi, na kwa jahazi ni safari ya siku. Ni ya watu wenye uzoefu, kikundi chao, na nahodha wanayemwamini.

Sasa atoli. Siku ya kawaida ya mlango wa atoli ni hivi. Boti inakushusha upande wa bahari kuu, wote mnazama kwa pamoja bila kuchelewa juu, maana anayechelewa huchukuliwa. Mnafika ukingoni mwa mlango kwenye mita 25 au 30. Kila mmoja ana kulabu ndogo yenye kamba iliyofungwa kwenye fulana ya kuelea. Unaikwamisha kwenye jiwe lililokufa, si kwenye tumbawe hai, unajaza hewa kidogo, na mkondo unakunyanyua unapeperuka juu ya mwamba kama tiara. Papa wa kijivu wanapita mbele yako wakiogelea kinyume cha mkondo bila kutumia nguvu. Maldivi walipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010, na matunda yake unayaona pale. Kisha unaachia kulabu, mkondo unakupeleka ndani ya pete, unasimama dakika 3 kwenye mita 5, unarusha boya, boti inakuja kukuchukua.

Mambo hayo yote si ya mtu aliyemaliza mafunzo wiki iliyopita. Cheti cha kwanza, kile cha Open Water, kinakuruhusu mita 18. Sheria ya Maldivi inamwekea mzamiaji wa burudani kikomo cha mita 30, na ili kufika huko unahitaji mafunzo ya ziada. Mwenye cheti kipya anayetua kwenye hoteli ya atoli atazamishwa kwenye mwamba wa ndani ya pete, mahali patulivu, mita 12. Atafurahi, sikatai. Lakini atakuwa amelipa bei ya mlango akaonyeshwa sebule, na sebule ya namna hiyo Watamu ipo kwa senti chache.

Kuhusu afya ya matumbawe, asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa atoli iko mbali imenusurika. Joto la El Niño la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na ya Maldivi kwa pamoja. 2016 Maldivi waliumia tena, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka. Popote uendapo utaona sehemu hai na sehemu zilizobaki mifupa. Tofauti ni kwamba samaki wakubwa wa atoli bado wako, na hao ndio wazamiaji wengi wanaowafuata.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote:

| | Malindi na Watamu | Lamu na Kiunga | Atoli (Maldivi) |
|---|---|---|---|
| Miezi mizuri | Februari na Machi kwanza, kisha Oktoba na Januari | Novemba hadi Machi, siku za maji mafu | Mwaka mzima. Januari hadi Aprili maji maangavu zaidi |
| Maji | Maangavu, isipokuwa Sabaki ikishuka | Ya kijani, yenye uhai | Maangavu |
| Bamvua | Hadi karibu mita 4 | Kama Malindi, na milango ina nguvu | Kama mita 1, lakini mkondo mkali milangoni |
| Anayefaa | Mwanafunzi, familia, mwenye haraka | Mpenda visiwa, mwogeleaji wa miwani na mrija | Mzamiaji aliyekomaa |
| Kero kubwa | Kusi ya Mei hadi Julai | Vifaa na waalimu haba | Gharama |

Pesa

Bei ya Watamu huulizwa kwa swali moja: imejumuisha nini? Kuna wanaokutajia bei ya mzamo bila vifaa, bila ada ya hifadhi, na bila usafiri. Ada ya hifadhi hulipwa KWS, shirika la wanyamapori la serikali, kwa mtandao wa eCitizen, na raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, omba bei ya jumla. Karibu kila kituo kinayo, ila wengine hawaitaji mpaka uulize.

Lamu gharama iko kwenye boti na mafuta yake. Mkiwa sita mnagawana, mkiwa wawili mnaumia. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Atoli inataka kalamu na karatasi. Bei ya tangazo huwa ni ya chumba kabla ya makato. Chukua mfano wa chumba cha dola 300 kwa usiku. Ongeza asilimia 10 ya huduma, inakuwa 330. Ongeza kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, inakuwa 386. Ongeza kodi ya mazingira ya dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku hotelini, mkiwa wawili ni 24, mmefika dola 410. Hapo hamjala, hamjazamia, na hamjapanda ndege ya maji kutoka mji mkuu wa Malé, ambayo peke yake ni mamia ya dola kwa mtu kwenda na kurudi. Kuzamia hulipiwa mzamo kwa mzamo, na wengine huongeza ada ya boti.

Upo mlango wa nyuma ambao watu wetu hawaujui. Tangu 2009 Maldivi wameruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyokaa wenyeji. Huko bei hushuka sana, kodi ya mazingira kwa nyumba ndogo ni nusu, na kituo cha kuzamia kiko mtaa wa pili. Kwa Mswahili, maisha yenyewe hayana ugeni: adhana tano, samaki na nazi, watoto wanaotoka chuoni jioni. Hakuna pombe kwenye visiwa vya wenyeji, na mavazi ya kuogelea yana ufuo wake maalumu. Kwa mtu wa Lamu hiyo si kero hata kidogo, ni kama amehama mtaa tu. Kumbuka tu kwamba Ijumaa vivuko vingi vya umma haviendi.

Njia, na siku ya mwisho

Kutoka Nairobi kwenda Malé utapita Dubai, Doha au mahali kama hapo. Viza ya siku 30 hutolewa ukifika, lakini kutoka Kenya unatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na fomu ya kuingia nchini hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Ndege za maji huruka mchana tu. Ukitua Malé jioni, usiku huo umekwenda, na hoteli ya mjini utailipia.

Lamu una njia mbili. Ndege hadi Manda ni rahisi. Basi la kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe ni la bei nafuu, barabara sasa ni ya lami, na mara nyingi husindikizwa na polisi. Malindi na Watamu mna ndege, mna basi, na mna treni hadi Mombasa halafu matatu ya kilomita 120 hivi.

Na sasa jambo ambalo wauza safari hulipita haraka. Baada ya kuzamia, mwili una naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu, na ukipanda juu mapema hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, hushauri kungoja angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja na saa 18 baada ya mizamo ya siku kadhaa kabla ya kupanda ndege. Hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayezamia Watamu Jumapili asubuhi akapanda basi la usiku la Nairobi ili Jumatatu awe kazini, naye anapanda juu, hata kama hajaona rubani. Weka siku ya mwisho bila maji. Tembea magofu ya Gede, nenda kale sambusa, lala.

Usalama

Kituo chochote, popote, kiulizwe maswali haya kabla ya pesa kutoka mfukoni: oksijeni iko kwenye boti? Chemba ya kutibu ugonjwa wa mapovu iliyo karibu iko wapi, inafanya kazi leo, na mgonjwa hufikishwaje? Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Mwenye kituo kizuri hujibu bila kukunja uso. Maldivi wana chemba kwenye baadhi ya visiwa vya hoteli, Bandos kikiwa kimojawapo cha tangu zamani. Huku kwetu hesabu yako ianzie Mombasa, na kutoka Kiunga hadi Mombasa ni mbali sana kwa mtu ambaye miguu imeanza kufa ganzi. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niseme Kiunga izamiwe kwa kina kidogo na kwa uangalifu mwingi.

Kuhusu visiwa vya juu vya Lamu, mwaka 2011 watalii walishambuliwa Kiwayu, na tangu wakati huo serikali kadhaa za ng'ambo zimekuwa zikiwaonya raia wao kuhusu maeneo yanayopakana na Somalia. Kisiwa cha Lamu chenyewe na Shela ni mambo mengine, watu wanakwenda na kurudi. Lakini ukienda kaskazini ya Pate na mgeni wako wa Ulaya, asome bima yake kwanza. Kampuni nyingi hazilipi ukiwa mahali serikali yako imesema usiende.

Nani aende wapi

Hujawahi kuzamia? Watamu, Februari. Mafunzo yanataka uweze kuogelea mita 200 bila kushindana na saa, na kuelea dakika 10. Kama huwezi, kajifunze kuogelea kwanza. Mwalimu anayekwambia "haidhuru" anataka pesa zako.

Mmeoana na mmoja wenu anaogopa maji? Lamu bila kusita. Anayezamia atapata Manda Toto, asiyezamia atapata Shela, punda, mishkaki na baraza za kukalia. Kwenye atoli, asiyezamia hubaki kwenye kisiwa cha kuzunguka kwa dakika kumi, na siku ya tatu ugomvi unaanza.

Unazamia tayari, umeshazoea mkondo, unatulia majini bila kupepesa mikono, na una likizo ya Agosti? Atoli, na ukae kisiwa cha wenyeji. Uliweka akiba miaka miwili kwa ajili hiyo? Ni halali yako. Ila kabla hujaondoka, zamia Watamu kwa siku chache ukijifunza kurusha boya na kufuata mkondo, ili usiende kujifunzia kwenye mlango wa dola mia nne.

Shelisheli ya nje sijaisemea sana kwa sababu wasomaji wengi haiwahusu. Alphonse ni ya mwenye fedha nyingi na subira ndogo ya watu. Kama ndiwe, maji ni mazuri, nenda.

Na kama una watoto wa chini ya miaka 10, ambao hawaruhusiwi kupata cheti, au mama mzee anayetaka kuona samaki bila kulowa, pale Casuarina mjini Malindi kuna boti za kioo zinazoingia hifadhini. Patana bei kabla ya kupanda, mwende asubuhi maji yakiwa yanakupwa na jua limeshapanda kidogo, na mwombe nahodha asiwarushie samaki mkate. Atakwambia wageni wote wanapenda. Mwambie ninyi si wageni.